Wakuu, mtaani kwetu watu wamegoma kabisa kuongea na polisi, ulinzi shirikishi umekufa. Tunaanzia wapi?

Katibu wa Mtaa

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naomba ushauri kwa wanaojua haya mambo ya polisi jamii, hasa waliowahi kukaa kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa, na kama kuna maafande humu ndani nao nawaomba sana wachangie.

Mimi nakaa pembezoni mwa Dar, kule daladala inakogeuzia, mtaa bado unajengwa, mapagala ni mengi na taa za barabarani hakuna. 2022 kile kipindi cha panya road, yale makundi ya vijana wenye mapanga, kila mtu alikuwa na hofu, watu wanaingia ndani saa moja jioni, basi tukaitisha mkutano wa mtaa tukakubaliana kila kaya itoe elfu mbili kwa mwezi, wakachaguliwa vijana kumi na mbili tunaowajua tangu wadogo, majina yakapelekwa kituoni, polisi kata akaja akakaa nao siku tatu kuwafundisha, sisi tukanunua makoti, tochi na firimbi. Nawaambieni ule ulinzi ulikuwa wa kweli. Miezi kama minane hatukusikia dirisha limevunjwa, na polisi kata akipita mtaani watoto wanamkimbilia kumsalimia, kitu ambacho mimi sijawahi kukiona tangu nizaliwe.

Sasa kilichoua ni hiki. Kuna mama mmoja anakaanga maandazi, anaamka saa tisa usiku kwa hiyo anaona vitu ambavyo sisi tumelala. Akaona usiku mara mbili tv na mitungi ya gesi inaingizwa kwenye pagala fulani, akaja kuniambia mimi, na mimi nikamwambia mama toa taarifa hakuna atakayejua. Nikampigia askari, mama akaongea naye kwa simu yangu, kesho yake wakaomba aje kituoni aeleze vizuri, akaenda. Polisi wakaja kweli, wakakuta mali, wakakamata vijana watatu. Hapo hongera kwao. Siku ya nne wale vijana wako nje kwa dhamana, sawa dhamana ni haki yao sina neno, ila mmoja wao asubuhi akasimama kwenye meza ya yule mama akanunua maandazi mawili, akalipa, akamwambia "mama, tumeambiwa ni wewe". Basi. Hakumgusa wala hakumtukana. Mama alifunga biashara siku ileile akaenda kwa dada yake Morogoro akakaa wiki tatu.

Tangu hapo hakuna mtu anaongea. Michango imeshuka, vijana wa ulinzi wamebaki wanne, na juzi wamevunja nyumba ya tatu kutoka kwangu, najua kabisa majirani waliamka maana taa ziliwaka, lakini asubuhi askari anauliza kila mtu alikuwa kalala. Askari akakasirika akasema mtaa huu mnafuga wezi. Iliniuma sana kwa sababu mimi najua nani alitufundisha kunyamaza.

Na kuna vijana wameanza kusema mwizi akikamatwa tena asipelekwe kituoni, wammalize hapohapo. Hilo silitaki na ndo linanikosesha usingizi kuliko wizi wenyewe. Nisaidieni wakuu.

---

Boda wa Usiku

Mkuu pole ila mimi nakwambia ukweli wa moyo wangu, hao watu wako wana akili timamu. Mimi nipo kijiweni usiku kucha, naona kila kitu, nani kapita na mzigo saa nane, pikipiki gani haina namba, gari gani imepaki mahali si pake. Ningekuwa msaada mkubwa kuliko hata hao vijana kumi na mbili. Lakini mimi nikikutana na polisi ni pale ananisimamisha, kofia ngumu ya abiria iko wapi, pikipiki inapandishwa kwenye defenda, gari lao la doria, kuitoa ni hela. Hajawahi hata mmoja kuja kijiweni akakaa kwenye benchi akasema vijana habari za kazi, mnaionaje hali. Siku akija namna hiyo nitaongea. Siwezi kumpa siri zangu za usiku mtu ambaye mchana ananiona mimi ndo mhalifu.

---

Mstaafu Sajini

Katibu, salaam. Nimetumikia jeshi la polisi zaidi ya miaka thelathini, mikoa minne, nimestaafu, sasa hivi nafuga kuku. Nimesoma habari ya yule mama mara mbili na nitasema kama ninavyojua bila kumtetea mtu.

Jina la mtoa taarifa mara nyingi halivuji kwa sababu askari ameuza, ingawa hilo nalo lipo na ni dhambi kubwa. Linavuja kizembe. Mama anafika kaunta, pale kuna benchi lina watu kumi wamekuja kufuatilia ndugu zao mahabusu, askari anamuuliza kwa sauti "mama una shida gani", mama anaeleza, kwenye lile benchi kuna shangazi wa mtuhumiwa. Au wakati wa kukamata askari anamwambia kijana "majirani zako wenyewe wamekuchoka, hata mama wa watu anayetafuta riziki usiku anakulalamikia". Hapo kashamtaja. Nimeyaona haya kwa macho yangu na mara moja ulimi ulioteleza ulikuwa wangu mimi, kijana mdogo wakati huo, na yule mzee aliyenipa taarifa hakunisalimia tena mpaka anakufa.

Kwa kosa kama lile huyo mama hakutakiwa kuonekana mahali popote kwenye jalada. Kuitwa kituoni kueleza vizuri hapo ndipo palipoharibika. Alishasema kwa simu kuna mali kwenye pagala, inatosha. Polisi wanakwenda kupekua, wanamchukua mjumbe au mwenyekiti awe shahidi huru, mali inakutwa, inaandikwa hati ya ukamataji, watu wanasaini, huo ndo ushahidi wa mahakamani. Ukishamwandikisha mtu maelezo unamfanya shahidi, na maelezo ya mashahidi mshtakiwa ana haki ya kuyajua maana lazima ajitetee. Kwa hiyo taarifa ya siri na maelezo ya shahidi ni vitu viwili tofauti na kila mwananchi akijua hilo tu nusu ya hofu inaondoka. Tena ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015, mtaani wanaoijua ni wachache mno na nasikitika kusema hata kaunta.

La pili ni dhamana. Wewe katibu unasema sawa ni haki yao, lakini mama mwenye maandazi hajui hivyo, yeye anaona mwizi kakamatwa Jumatatu Ijumaa yuko nje, anajua kalipa. Polisi hakurudi kusema. Wakati Said Mwema, aliyekuwa IGP yani mkuu wa jeshi la polisi, alipoleta polisi jamii kuanzia 2006 na ile kauli ya utii wa sheria bila shuruti, tulifundishwa kwamba taarifa ikipokelewa lazima irudi mrejesho, yani unaenda kwenye mkutano wa mtaa unasimama unasema kesi ile iko mahakamani, tarehe ni fulani, wako nje kwa dhamana kwa sababu sheria inaruhusu, na akimtisha mtu yeyote njooni, kutisha shahidi ni kosa jipya na dhamana inaweza kufutwa. Kazi ya dakika kumi. Tulikuwa tunaifanya mwanzoni, baadaye ikafa, wengine walihamishwa, na polisi kata mmoja anabeba kata yenye watu maelfu hana hata pikipiki, akiwa nayo haina mafuta. Mwananchi akiombwa hela ya mafuta ili gari lije kwenye tukio, hapo hata uwe malaika hakuamini tena.

Na kuna kitu kirefu zaidi nyuma yake. Jeshi hili lilianza 1919 huko Lushoto, limeundwa na mkoloni kwa ajili ya kulinda serikali yake na kukusanya kodi yake. Hao hao Waingereza kwao London tangu 1829 walikuwa na polisi anayetembea mtaani kwa miguu anajulikana, sisi wakatuletea wa kuogopwa. Tumebadilisha bendera na sare, lakini mwananchi bado akiona karandinga, lile gari la polisi la kubebea watu, moyo unamruka. Hiyo haiondoki kwa semina moja.

---

Katibu wa Mtaa

Mzee shikamoo, na asante sana, umenifungua macho. Kwa hiyo kosa lilianza pale mimi nilipokubali aende kituoni. Naomba kuuliza, sasa sisi tukitaka kulalamika kuhusu jina kuvuja tunaenda wapi bila kuonekana tunagombana na kituo? Maana kesho tutawahitaji tena.

---

Mstaafu Sajini

Marahaba. Usijibebeshe peke yako, ulifanya kama mwananchi mwema. Andikeni barua ya ofisi ya mtaa kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, nakala kwa RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, msitaje jina la askari kama hamna uhakika, semeni tukio na tarehe na muombe aje kwenye mkutano mtaani kwenu, asiwaite nyie ofisini kwake. Wengi wanakuja, wakuu wa polisi wa wilaya wanapenda sana kuona mtaa unaowaita. Ikishindikana ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inapokea malalamiko ya mwananchi bila wakili. Na kumbuka 2023 Rais aliunda ile tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, wananchi walisema mbele yake mambo mazito kuhusu kubambikiwa kesi na kunyimwa dhamana, kwa hiyo haya siyo siri tena na mkuu yeyote mwenye akili anajua kwamba lazima tubadilike.

---

Ng'wana Kahama

Mimi nitachangia kwa upande wa kwetu usukumani na unyamwezini maana sungusungu ilianzia huku, mwanzoni mwa miaka ya 80, vita vya Kagera vimeisha, silaha zimezagaa, ng'ombe wanaibwa zizi zima. Babu yangu alikuwa kwenye kundi, kiongozi wao wakimwita ntemi. Walianza wenyewe wanakijiji, serikali ikawakubali baadaye, na 1989 sheria ikarekebishwa wakapewa nguvu ya kukamata.

Nataka nikwambie kitu kimoja ambacho babu alikuwa anakirudia. Ng'ombe wakiibwa unapigwa mwano, ile yowe, na kila mwanaume anayeusikia lazima atoke na silaha yake, asiyetoka anatozwa faini. Anayeusikia na yeye anaupokea anaupiga mbele, kijiji hadi kijiji, mpaka nyayo za ng'ombe zinapatikana. Sasa angalia hapo katibu, nani mtoa taarifa? Hayupo. Wametoa wote. Mwizi hana mtu mmoja wa kwenda kumwambia "nimeambiwa ni wewe" kwa sababu aliyepiga mwano ni kijiji kizima. Nyie mjini mmemwacha mama mmoja asimame peke yake na siri, ndo maana akalengwa kirahisi.

Kwa hiyo ushauri wangu, firimbi isiwe ya wale vijana kumi na mbili, kila nyumba iwe nayo, ikipigwa moja zinaitika zote na taa zote zinawashwa. Haigharimu kitu. Na taarifa kwa polisi iwe ya mtaa, barua ina muhuri wa mtaa na imetoka kwenye kikao, siyo ya fulani.

Ila nikuonye pia maana sitaki nikupe upande mzuri tu. Kwetu sungusungu hiyohiyo ilifika mahali ikachapa watu viboko mpaka wakafa, na vibibi vizee vyenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni za kinyesi cha ng'ombe vikaitwa vichawi, vikafukuzwa, vingine vikauawa, na wengine waliosimama pembeni wakinyamaza ndo haohao walinzi. Kundi likishaacha kumkabidhi mtu kwa sheria linakuwa lenyewe ndo mwizi wa roho za watu. Hao vijana wako wanaosema wammalize hapohapo uwakalishe chini leo, usingoje kesho. Raia akimkamata mtu anatakiwa amfikishe polisi bila kuchelewa, na akifia mikononi mwao kesi ni ya mauaji, siyo ya wizi wa tv.

---

Mwana Mvita

Salaam alaikum ndugu zangu wa Bara na Visiwani. Nawaandikia toka Mombasa. Sisi huku nyumba kumi, ile ya majirani kujuana na kulindana, tuliichukua kwenu, serikali yetu iliianza 2013 ule mwaka wa shambulio la kigaidi la Westgate kule Nairobi, na kwenye sheria ya polisi ya 2011 kamati za polisi na wananchi zimo zimeandikwa vizuri tu. Jina la polisi lenyewe lilibadilishwa baada ya katiba ya 2010, wakaacha kuitwa jeshi wakawa ni huduma. Lakini jina ni jina.

Kwetu mambo ni magumu zaidi ya maandazi. Tuna vijana wadogo wa miaka kumi na tano, kumi na sita, wanatembea kundi na mapanga mitaa ya Kisauni wanakata watu wapate simu. Na mamake anajua. Wallahi mama wa mtoto ndie wa kwanza kujua, anaona simu ambayo hakuinunua yeye, anaona nguo ina damu. Kwa nini hasemi? Kwa sababu anaogopa kwamba akimtaja mwanawe hatopelekwa kortini, atapigwa risasi, ama atachukuliwa usiku asionekane tena. Mama gani atafanya hivo? Hata mimi mwanangu singemtoa.

Mtaani kwetu tulofanya ni hivi. Imamu na mzee wa mtaa na mama wawili wanaoheshimika walienda kwa mkuu wa stesheni wakamwambia, sisi tutawaleta hawa vijana kwa mikono yetu, mchana, kwa miguu, lakini utuahidi mbele ya watu kwamba wataandikwa kwenye kitabu na kesho yake watakuwa kortini. Akaahidi. Wa kwanza alikuwa mmoja tu, alisindikizwa na mamake na imamu, na wale mama wawili walikaa nje ya stesheni mpaka magharibi, na asubuhi walikuwa kortini kabla ya hakimu. Ahadi ilitimizwa. Baada ya hapo wakaja wengine watatu. Si wengi. Lakini yule mkuu wa stesheni akipita barabarani watu humsalimia kwa jina, na akihamishwa tuna wasiwasi itabidi tuanze upya na mwingine, hilo ndilo linalotuumiza, imani yetu iko kwa mtu haiko kwa stesheni.

Na kama kwenu hamna, sisi tuna IPOA, taasisi ya raia inayochunguza polisi. Ina mapungufu lakini mtu akijua kuna mahali pa kulalamika nje ya polisi wenyewe, hata kuongea na polisi huwa rahisi.

---

Mama Mapacha

Jamani mimi sijui mambo ya sheria ila nina neno. Mimi nilikuwa siwapendi polisi kabisa. Mwaka juzi mtoto wa ndugu yangu alifanyiwa kitu kibaya na mtu mzima, nikalazimika kwenda kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi, ili atibiwe, nilienda natetemeka. Nikaelekezwa dawati la jinsia na watoto. Chumba cha pembeni, mlango unafungwa, dada mmoja askari hajavaa sare, akamsalimia mtoto kwanza kabla yangu, akampa peni achore. Hakuna aliyesikia. Akanipa namba yake, na kila baada ya wiki mbili alikuwa ananipigia YEYE kuniambia kesi imefikia wapi. Hela sikutoa hata mia.

Sasa najiuliza, kama wameweza kwenye hilo dawati kwa nini wasiweze kwa mama wa maandazi? Ni kituo kilekile, ni askari walewale. Tofauti ni mlango unaofungwa na mtu anayekupigia simu. Katibu muulizeni OCD hilo swali hivyohivyo nilivyoliandika.

---

Boda wa Usiku

Dada umeongea. Nimesoma yote, na hiyo ya kila nyumba firimbi naikubali, sisi kijiweni tupo zaidi ya ishirini, tutazipokea. Ila katibu mkikaa na huyo OCD tuiteni na sisi, msituitie tu wakati wa msako.

---

Katibu wa Mtaa

Wakuu, samahani nimechelewa kurudi, nilikuwa kwenye mizunguko ya haya haya. Niwaeleze yaliyofanyika.

Barua imeandikwa kwa mhuri wa mtaa kama mzee mstaafu alivyoelekeza na OCD amejibu kwa simu, anakuja Jumapili saa kumi jioni uwanja wa shule. Nimemuomba aje na mpelelezi wa ile kesi aseme imefikia wapi, na swali la Mama Mapacha nimeliandika kwenye karatasi nitalisoma lilivyo. Bodaboda wamealikwa, viti vyao ni vya mbele.

Vijana wa "wammalize hapohapo" nilikaa nao jana usiku, wanane. Mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu, akasema "katibu, tukimpeleka mwizi kituoni akarudi akatutisha utatulinda wewe?" Sikutaka kumdanganya kama nilivyomdanganya mama, nikamwambia sijui, ila Jumapili utamuuliza OCD mbele ya watu wote na jibu lake tutaliandika kwenye muhtasari. Akakubali kuja.

Hela za michango nimebandika mahesabu yote kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, shilingi kwa shilingi, maana nimegundua wapo waliokuwa hawatuamini hata sisi.

Na leo asubuhi nimepita kwa mama. Amerudi lakini hakaangi nje tena, anakaangia uani, wateja wanagonga geti. Nimemuomba radhi. Nimemwambia nilikuahidi kitu ambacho hakikuwa mikononi mwangu. Alinyamaza muda mrefu anageuza maandazi, mimi nimesimama tu. Halafu akanifungia matano kwenye gazeti, akakataa hela, akaniuliza huo mkutano ni saa ngapi.